Noti Isiyo na Kibonye: Kuisikiliza "Yol" ya Altın Gün

Ukisoma maelezo ya bendi ya Altın Gün, popote pale, utakutana na sentensi ileile: wanachanganya muziki wa asili wa Uturuki na sauti za kielektroniki. Sawa, ni kweli. Ila sentensi hiyo haikuambii kitu, maana umeme kwenye muziki uko wa aina nyingi na si kila aina inaelewana na nyimbo hizo. Hebu tuichukue albamu yao ya 2021, Yol, tuisikilize tukiwa na swali moja la fizikia: zile noti ambazo kinanda hakina, zimekwenda wapi?

Kwanza, ni akina nani. Altın Gün ni bendi ya Amsterdam. Mpiga besi Jasper Verhulst alinogewa na rekodi za Kituruki za miaka ya 1960 na 1970 alipokuwa Istanbul kwenye ziara ya muziki, akarudi Uholanzi na kutafuta watu wa kuzipiga. Waimbaji wa Yol ni Merve Daşdemir na Erdinç Ecevit, na Ecevit ndiye anayepiga pia saz. Nyimbo zao nyingi ni türkü, yaani nyimbo za watu zilizokuwepo kabla yao. Albamu yao ya Gece, ya 2019, ilifika hadi kwenye uteuzi wa Grammy.

Sasa iangalie hiyo saz. Ina shingo ndefu, na freti zake si za chuma kilichopigiliwa kama kwenye gitaa. Ni uzi wa nailoni uliofungwa, na unaweza kuusogeza. Kwa kawaida oktava moja ina noti 17 hivi, wakati kinanda kina 12. Hizo za ziada si mapambo. Nadharia ya muziki wa Kituruki huigawa oktava vipande 53 viitwavyo koma, kila kimoja takriban senti 22.6 (kutoka kibonye kimoja cha kinanda hadi kinachofuata ni senti 100). Kwenye maandishi ya türkü utakuta mara nyingi noti inayoitwa si bemoli 2: si iliyoshushwa koma mbili, yaani senti 45. Inaangukia karibu katikati ya vibonye viwili. Kinandani haipo.

Tupige hesabu kidogo. Si ya kinanda, iliyo juu tu ya la ya hezi 440, ina masafa ya hezi 494. Si bemoli 2 ya hapo inakuwa kama hezi 481. Zipige pamoja, na mawimbi yake yatapishana na kukutana mara 13 hivi kwa sekunde. Sikio halitakuambia kuna noti mbili nzuri hapo, litakuambia kuna mkwaruzo.

Kwa hiyo mpiga kinanda anyamaze pale, au aikunje noti kwa gurudumu la sinthesaiza, au saz na mwimbaji wakubali kuhamia kwenye noti ya kinanda. Hiyo ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote, na wengi wetu hatutagundua. Ndiyo maana inanipa wasiwasi.

Yol ilitengenezwa wakati wa korona, kila mwanabendi nyumbani kwake, wakitumiana mafaili. Humo wakaingiza vitu ambavyo hawakuwa navyo: mashine ya ngoma ya Roland 808 na Omnichord. Watu huviweka kapu moja, lakini kiukweli ni vitu viwili tofauti. 808 haina ugomvi na türkü. Ngoma yake kubwa ni saketi inayotikisika kisha inafifia; inatoa mapigo, na melodi inabaki huru juu yake. Omnichord ni habari nyingine. Chombo hiki cha Suzuki cha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kinakupa kodi nzima kwa kubonyeza mara moja (kodi si ile ya TRA, nasema noti tatu au nne zinazolia pamoja). Kuna meja, kuna mina, kuna ya saba, basi. Na türkü haikujengwa juu ya kodi kabisa: saz hupiga melodi huku nyuzi nyingine zikivuma chini yake.

Sikiliza "Kara Toprak". Ni wimbo wa Aşık Veysel (1894–1973), aliyepofuka kwa ndui utotoni na aliyekuwa akiimba yeye na saz yake tu, kuhusu udongo mweusi kama rafiki asiyemwacha mtu. Altın Gün wameufanya wa kuchezeka. Besi ni tamu, siwezi kukataa. Lakini kodi zikishatandazwa chini ya melodi, kila noti inajua mapema itatua wapi, na ule ukali wa Veysel unalainika. "Ordunun Dereleri" ni bora zaidi. Pale sinthesaiza zinatembea taratibu chini, na sauti inapata nafasi ya kuteleza kati ya noti.

Linganisha na BaBa ZuLa, bendi ya Istanbul iliyoanza 1996. Wao huchomeka saz yenyewe kwenye umeme na kuipitisha kwenye mwangwi wa dabu. Mwangwi hauna kinanda ndani yake, unarudisha noti ileile uliyoupa, pamoja na koma zake zote. Hata sisi tunalijua jambo hili: taarab ya Zanzibar ina kanuni, chombo kinachoweza kutekenywa hadi kwenye noti za katikati, na vinanda vilipotawala taarab ya kisasa, noti hizo zilikuwa za kwanza kuteteleka.

Mwaka 2023 Altın Gün walitoa Aşk, wakarudi kupiga pamoja chumba kimoja na kurekodi kwenye tepu. Kwangu mimi hiyo ndiyo albamu bora. Ila usiniamini haraka. Vaa hedifoni, weka "Kara Toprak" yao, kisha tafuta rekodi ya Veysel mwenyewe, na usikilize mwisho wa kila mstari anapoiachia sauti ishuke.