Sosi ya Jibini kwa Mtindi wa Bariadi: Mayonezi, Kaa Pembeni!

Wapenzi wa kachumbari, hii msiikose! Nimeonja sosi ya jibini iliyochanganywa na mtindi wa hapa Bariadi badala ya mayonezi, na ulimi bado haujatulia. Machoni nzito, tumboni nyepesi, na ina uchachu unaoamsha nyanya na kabichi mpaka unajiuliza siku zote tulikuwa tunakula nini.

Angalia mafuta kwanza. Kijiko kimoja cha chakula cha mayonezi ya kawaida kina takriban gramu 10 za mafuta na kalori zinazokaribia 100. Kijiko hichohicho cha mtindi kina kalori 10 hivi. Sasa kumbuka ile kabichi na karoti ya kibanda cha chipsi inavyoogeshwa mayonezi!

Na sisi wa Simiyu tumebarikiwa. Usukumani maziwa yamesukwa kibuyuni tangu enzi za mababu: mafuta hujikusanya, yakaenda kuwa samli, na mtindi unaobaki umekwisha kupungua mafuta bila mashine yoyote. Sosi ya ranch, ambayo Steve Henson aliivumisha kutoka shamba lake la Hidden Valley huko California miaka ya 1950, ilijengwa juu ya maziwa ya namna hiyo, ikaongezwa mayonezi. Sisi tunabaki na mtindi tu, na utamu haupungui hata chembe.

Jibini unaitengeneza mwenyewe. Engua malai kwenye lita moja ya maziwa, yachemshe, kamulia limao hadi yakatike, kisha chuja kwa kitambaa safi. Donge jeupe linalobaki liponde pamoja na mtindi uliochujwa maji, kitunguu saumu kilichotwangwa, pilipili manga, kotimiri na chumvi kidogo. Mtindi uwe wa maziwa yaliyochemshwa, kwani ugonjwa wa brusela hauna masihara. Au nunua uliosindikwa. Meatu, wilaya ya mkoa wetu huu, ilianzisha kiwanda chake cha maziwa.

Kwenye nyama choma, jamani! Mafuta ya nyama ya moto yanakutana na ubaridi wa mtindi, saumu inapanda puani, kotimiri inafuata, na kinywa kinabaki kisafi, tayari kwa pande jingine. Nimeipaka hata kwenye viazi vitamu vya kuchemsha, ikakubali.

Ina masharti yake. Ikikawia juu ya nyanya huachia maji, kwa hiyo imimine mezani, mwisho kabisa. Bila friji, joto la Bariadi huiharibu upesi. Na anayependa jibini kali iliyoiva ataiona ya upole. Akwangulie juu jibini ngumu kidogo ya Njombe.

Uamuzi wangu: kwa kachumbari na nyama choma, hii inaishinda ya mayonezi waziwazi. Tengeneza bakuli dogo leo, ulimalize leo.