Wanaowapimia Madaktari Ushahidi
Daktari wa familia nchini Marekani ana dakika chache kwa kila mgonjwa. Hawezi kusoma lundo la tafiti kabla ya kuamua nani apimwe nini. Mzigo huo hubebwa na Kikosi Kazi cha Huduma za Kinga, kilichoundwa mwaka 1984, ambacho kwa kawaida huwa na wataalamu 16 wa kujitolea. Hupima faida na madhara ya kila huduma, hutoa rasimu ili wananchi waitolee maoni, kisha huweka mwongozo mtandaoni bila malipo, kila pendekezo na daraja lake: A na B itolewe, C itegemee mgonjwa, D isitolewe, na I pale ushahidi usipojitosheleza.

Wapo wanaolalamika kwamba kikosi hiki hugeuka. Ni kweli: kipimo cha PSA cha saratani ya tezi dume kilipewa D mwaka 2012, kisha C mwaka 2018 kwa wanaume wa miaka 55 hadi 69. Lakini ushahidi mpya ulipokuja, kung'ang'ania daraja la zamani kungekuwa kuwasaliti wagonjwa. Wengine huiona D kuwa ubahili, ilhali kipimo kisichohitajika huweza kumfikisha mtu mwenye afya njema kwenye upasuaji usio wa lazima. Aliyeepushwa na madhara hayo hamjui aliyemwepusha. Deni lake halipungui kwa kutojua.