`volatile` peke yake haitoshi

Masika iliyopita kipima mvua changu pale Kilindoni, Mafia, kiliandika mistari mitatu ya ajabu: milimita 51.0, kisha 102.2, kisha 51.2. Sasa mvua iliyokwisha kunyesha inarudije mawinguni? Nyumbani wakasema ni chumvi ya bahari. Nikaamini, nikashinda siku nzima nasafisha swichi. Kumbe kosa lilikuwa kwenye programu, niliyoijenga juu ya mfano wa ukurasa rasmi wa Arduino kuhusu `attachInterrupt()`. Nina ugomvi na ukurasa huo.

Si kwamba ni mbovu. Unaonya vizuri kwamba ndani ya intarapti `delay()` haifanyi kazi na `millis()` haisongi mbele. Ila unasema pia kwamba kigeu kinachotumiwa na intarapti na programu kuu ukitangaze `volatile` ili kisasishwe sawasawa. Mwanafunzi akifika hapo anaona kazi imekwisha. Na mfano wenyewe unamtuliza zaidi, maana kigeu chake ni baiti moja tu, ya kuwasha na kuzima taa. Hauwezi kuharibika!

Hesabu yangu ilikuwa `int`, yaani baiti mbili, na ATmega328P ya kwenye Uno ni chipu ya biti 8, inasoma baiti moja moja. Kibakuli changu hupinduka kila milimita 0.2. Hesabu ikiwa 255, chipu ikasoma baiti ya chini: 255. Hapohapo kibakuli kikapinduka, intarapti ikaingia, hesabu ikawa 256, yaani baiti ya chini 0 na ya juu 1. Chipu ikarudi kumalizia, ikachukua ile 1 ya juu. 256 na 255 ni 511, mara 0.2 unapata 102.2. `volatile` inailazimisha kompaila isome kumbukumbu kila mara, basi. Haizuii kukatizwa katikati ya kusoma.

Dawa ni fupi: `noInterrupts()`, nakili hesabu kwenye kigeu kingine, `interrupts()`. Kibakuli kikipinduka hapo katikati, chipu inaweka alama na kuihudumia baadaye. Lakini nakili tu, jamani, usianze kuandika kwenye kadi.

Arduino wenyewe wanalijua hili, wamelieleza kwenye ukurasa wa `volatile`. Mbona wasiliweke pale mtu anapoandika intarapti yake ya kwanza? Kwa saa ya MHz 16, kusoma baiti moja huchukua nanosekunde 125 hivi. Mezani nilimimina vikombe na vikombe vya maji, sikuliona.