Ushanga Unaonusa Methani

Katika mgodi wa makaa ya mawe, pua haina msaada. Methani inayovuja kutoka kwenye miamba haina rangi wala harufu. Gesi ya mabomba ya mjini hunuka kwa sababu hutiwa harufu makusudi, desturi iliyopata nguvu baada ya shule ya New London, Texas, kulipuka Machi 1937 na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto. Chini ya ardhi hakuna wa kuitia harufu. Methani ikifikia kama 5% ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Kigunduzi kinatakiwa kupiga kelele mapema zaidi, kiasi kikiwa bado 1% au hata pungufu.

Kwa zaidi ya karne moja kazi hiyo ilifanywa na mwali wa taa. Mwaka 1815 Humphry Davy aliuzungushia mwali wavu wa waya: joto humezwa na waya, na moto hautoki nje kuiwasha gesi. Wachimbaji wakaona kwamba taa ile ile inaweza kupima. Msimamizi alishusha utambi, akatazama kofia ya samawati iliyopauka ikisimama juu ya mwali, na kwa urefu wake akajua gesi ni nyingi kiasi gani. Ilihitaji jicho zuri na miaka ya mazoezi.

Umeme ulipoingia, jaribio la mwanzo lilikuwa waya mtupu wa platinamu uliopashwa moto. Gesi ikiungua juu yake, waya huzidi kupata joto na ukinzani wake hupanda. Lakini methani ni ngumu kuwaka. Ilibidi waya ufikie karibu nyuzi 900 au zaidi, na kwa joto hilo platinamu yenyewe hupotea hewani kidogo kidogo. Waya unakonda, ukinzani unapanda wenyewe, na kipimo kinatangatanga bila gesi yoyote kuwepo. Dawa ilipatikana Sheffield, Uingereza, kwa watafiti wa usalama wa migodi, na jina linalotajwa ni la Alan Baker: waya ufunikwe kwa ushanga wa kauri, na ushanga upakwe kichocheo. Juu ya kichocheo, methani huungua kwa nyuzi 500 hivi, bila mwali, na waya uliomo ndani unadumu.

Ushanga huo hauzidi punje ya ulezi. Ndani yake mna koili ya waya wenye unene wa mikromita 50 au chini ya hapo, na fundi huifanyia kazi chini ya hadubini. Koili hulehemiwa kwenye miguu miwili ya chuma, kisha hudondoshewa tone la mchanganyiko wenye alumini. Umeme hupitishwa, tone linakauka na kuwa kauri, na tone jingine linafuata. Tabaka juu ya tabaka, mpaka umbo litimie. Hapo tu ndipo chumvi za paladiamu huongezwa na kuchomwa ziwe kichocheo. Tone likikaa upande, ushanga unapoteza joto upande mmoja. Ukipata ufa, hautafika mbali. Naistahi sana mikono inayoweza kurudia jambo dogo namna hii bila kulichoka.

Hata hivyo ushanga mmoja haufai kitu. Platinamu hubadili ukinzani kwa karibu 0.4% kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo upepo wa feni, unyevu au asubuhi ya baridi vingeweza kudhaniwa kuwa gesi. Ndiyo maana ushanga una mwenzake: ukubwa ule ule, waya ule ule, ila huu umenyimwa nguvu ya kuunguza. Shanga hizi mbili huwekwa kwenye daraja la Wheatstone, yaani saketi inayolinganisha ukinzani wa pande mbili. Hewa ikipoa, zote zinapoa pamoja na daraja linatulia. Methani ikija, mmoja tu ndio unaopata joto, na daraja linainama kwa milivolti 10 hadi 20 hivi kwa kila 1% ya gesi. Kumpata mwenza anayelingana kweli ni kazi ya kuwasha, kupima na kuchagua. Kwangu mimi hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo: kutenga badiliko moja linalohusu uhai wa watu na mengine yote yasiyohusu.

Kisha kuna hatari inayomkosesha mbunifu usingizi. Mvuke wa silikoni kutoka kwenye gundi, vilainishi au hata losheni ya mikono hugeuka kuwa utando juu ya ushanga wa moto na kukifunika kichocheo. Ushanga umekufa, lakini daraja bado limetulia na kioo kinaonyesha sifuri, sawasawa na siku ya hewa safi. Tena kuna mtego wa pili. Kuungua kunahitaji oksijeni, hivyo methani ikipita 10% hivi, kipimo huanza kushuka badala ya kupanda. Aliyeingia ndani ya wingu zito la gesi anaweza kusoma namba ndogo. Mbunifu makini hufunga njia hiyo: kipimo kikishavuka kikomo, kengele hujifunga ikiendelea kulia na hainyamazi mpaka mtu aizime mwenyewe akiwa kwenye hewa safi.

Juu ya shanga hizo hufungwa kisahani cha chembe za chuma cha pua zilizoshikamanishwa kwa joto. Gesi hupenya, moto haupenyi. Ni kanuni ile ile ya wavu wa Davy. Maabara hailisadiki hilo kwa maneno. Hujaza gesi inayolipuka ndani na nje ya kichwa cha kigunduzi, huiwasha ya ndani, na kungoja kuona kama ya nje itashika. Kifaa hupita pia kwenye joto, baridi, mtikisiko na kuangushwa, kisha hupimwa muda wa kufikia 90% ya jibu lake, ambao kwa ushanga mzuri ni chini ya nusu dakika.

Kukifunga nako kuna elimu yake. Gesi ya Songo Songo, inayofika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004 na sasa inaendesha magari na bajaji, kwa sehemu kubwa ni methani, nayo ni nyepesi kuliko hewa: kigunduzi kikae juu, karibu na dari. Gesi ya mtungi wa jikoni ni propani na butani, ambazo ni nzito na hutambaa sakafuni: hapo kiwekwe chini. Nimeona vikifungwa kinyume, na kigunduzi kizuri kilichofungwa pasipo pake hakimlindi mtu.

Kwa kuwa sifuri peke yake haithibitishi chochote, kabla ya zamu kigunduzi hupuliziwa gesi kutoka kwenye mtungi mdogo, mara nyingi methani 2.5% katika hewa, yaani nusu ya kiwango cha kulipuka. Mlio, taa na namba lazima vyote viitike kwa wakati. Kisichoitika hakishuki mgodini. Kinarudi mezani kwa fundi, shanga zinabadilishwa, na sifuri inapangwa upya kwenye hewa safi kabla ya gesi kupuliziwa tena.