Jina la Maua Yaliyofumbuka

Msomaji, ukipita asubuhi kando ya mashamba madogo ya Waithaka au Mutuini, huko Dagoretti, baada ya mvua za masika, utaona gugu litambaalo lenye viua vya rangi ya samawati. Wakikuyu huliita mukengeria. Wataalamu wa mimea huliita Commelina benghalensis. Viua hivyo hufumbuka asubuhi na kunyauka siku iyo hiyo. Sasa chimbua udongo taratibu, nawe utakuta maua mengine, madogo, yasiyofumbuka kamwe, na hata hivyo huzaa mbegu humo humo ardhini.

Maua yale ya juu wataalamu wameyapa jina la kasmogamia. Limeundwa kwa Kiyunani: khasma, yaani ufa au kinywa kilichoachama, na gamos, yaani ndoa. Mwenziwe ni kleistogamia, ndoa iliyofungwa, neno alilolitumia Kuhn mwaka 1867, na Charles Darwin akalieleza kwa urefu katika kitabu chake cha 1877 juu ya namna mbalimbali za maua.

Neno hilo la pili nalisifu. La kwanza nina shaka nalo. Khasma ni neno la kutisha, lifaalo genge au ardhi iliyopasuka, nalo ua la mukengeria limefumbuka tu kwa upole. Tena hiyo “ndoa” humpoteza mwanafunzi, akadhani kwamba ua likiwa wazi lazima chavua itoke katika ua jingine. La, hasha! Neno lasema mlango u wazi. Halikusema mgeni ameingia. Kiua kile chaweza kuletewa chavua na nyuki, na chaweza pia kujichavusha chenyewe.

Kiswahili kina mzizi ufaao zaidi: fumba. Twafumba macho, twafumba kinywa, na humo tumepata fumbo, tukigeuza, twafumbua. Basi kwa mzizi mmoja twataja hali zote mbili, ua lililofumba na ua lililofumbuka, wala hatuhitaji arusi. Wengine wangependelea chanua, neno zuri kwa kweli, lakini mti mzima nao huchanua, na kinyume chake sikioni.

Mkulima wa Dagoretti naye yamhusu. Akilikata gugu hili juu juu kwa kuyaona yale maua ya samawati, mvua zijazo atalikuta pale pale, limechipuka katika vipande vya shina, au katika mbegu za maua ambayo hakuyaona.