Grisi ya Kuficha Kutu

Kama mmeiangalia ile video ya Land Rover One Ten ya miaka ya 1980 ikifunguliwa kona ya kulia ya ekseli ya mbele, na najua wengi mmeiangalia maana imezunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp ya wapenda Land Rover, basi mmeona kazi nzuri ikiharibiwa dakika za mwisho na mkono uleule ulioifanya.

Fundi yule nimpe haki yake. Alibadilisha bushi ya Railko ya juu na beringi ya chini, akaweka sili mpya ya ndani, akapima ukazaji wa kingi pini kwa mizani ya chemchemi kabla ya kuvalisha sili kubwa ya nje, kwa sababu sili ikishakaa inaongeza ugumu na kipimo kinadanganya. Ila nati ya habu aliifungua kwa patasi na nyundo. Spana ya milimita 52 ipo, na nimeshachoka kulisema hili.

Sasa tuje kwenye boli, lile tufe ambalo mdomo wa sili kubwa ya nje unateleza juu yake. Alipolifuta lile boli la kromu kwa kitambaa, kamera ilisogea, na upande wa mbele, pale panapopigwa na mawe na tope, kromu ilikuwa imebanduka na kuacha vishimo vya kutu. Akapitisha ukucha. Ukucha ukakwama. Hapo kesi imekwisha: boli la namna hiyo linabadilishwa, au linapelekwa kwa mtu anayejua kulijaza na kulisugua upya. Yeye akachukua msasa, akasugua mara mbili tatu, akasema "halina neno", akalifungia sili mpya. Mdomo wa sili ile utapita juu ya vishimo hivyo kila usukani unapokatwa, na hautadumu.

Alijua litavuja. Ndiyo maana, badala ya oili, alifungua kopo la grisi, ile nzito ya beringi, akaisukuma kwa kiganja mpaka nyumba ya kona ikajaa pomoni. Kazi ya grisi ile ni moja tu, kuficha kutu. Mwenye gari ataondoka na tairi kavu, atalipa kwa furaha, na atarudi akiwa na ugonjwa mwingine.

Kona ya One Ten imeundwa ifanye kazi ndani ya oili. Gari hili linavuta magurudumu manne muda wote, kwa hiyo sivi jointi ya mbele haina siku ya mapumziko. Inapozunguka hurusha oili ya gia, EP 90, mpaka kwenye bushi ya juu, kisha oili inateremka kwenye beringi ya chini. Kiasi chenyewe ni lita 0.35 tu kwa kila upande. Ukiweka grisi nzito, jointi inaitupa pembeni, inajichimbia nafasi yake, na kuanzia hapo inazunguka ikiwa kavu huku grisi imeganda ukutani. Bushi ya juu haipati kitu. Usukani unaanza kuwa mzito na hautaki kurudi wenyewe baada ya kona. Bushi ikishalika, ukazaji unapotea, gari linatetemeka barabarani, na mwenye gari anaambiwa anunue dampa mpya ya stelingi.

Najua mtakalosema: mbona mkonga unajazwa grisi? Mkonga ni Land Cruiser, na Land Cruiser imejengwa hivyo. Ina beringi za koni juu na chini, zinazopakwa grisi wakati wa kufunga, na jointi yake ya Birfield inashindiliwa grisi yenye molibdeni mpaka ndani kabla ya kurudishwa. Hakuna bushi inayosubiri kurushiwa oili. Kulitibu Land Rover kwa dawa ya Toyota ni ugonjwa wa siku nyingi kwenye gereji zetu.

Mwingine atasema hata Land Rover wenyewe, kiwandani Solihull, walihamia grisi miaka ya 1990. Kweli, lakini ile ni grisi laini kama uji, inatiririka na kurudi kwenye jointi. Tena baadaye wakaondoa na nati ya kumwagia oili, jambo ambalo sijawasamehe. Nati ile ilikuwa inasema ukweli: ukishavuka mto unaifungua, oili ikitoka imepauka unajua maji yameingia. Grisi inayameza maji na kunyamaza.

Land Rover ya kwanza ya mbunifu wake Maurice Wilks, ya mwaka 1948, ilikuwa na kona za oili. Land Rover mbili za wanafunzi wa Oxford na Cambridge zilizotoka London 1955 zikafika Singapore 1956 zilikuwa na kona za oili. Mafundi wa zamani wa gereji za misheni na za serikali mikoani walikutana na maboli mabovu haya haya. Pesa ya boli jipya ikikosekana, waliliacha lile bovu livuje, wakafungua nati ya kipimo kila wiki na kuongeza oili. Zilikuwepo hata soksi za ngozi za kulivalisha boli lisipigwe na mawe. Leo tairi yenye oili inamtia fundi aibu, wakati jointi kavu, kwa kuwa haionekani, haimsumbui.

Boli ni ghali, sibishi. Lakini aliyeshindwa kulinunua angeambiwa wazi, akapewa EP 90 na chupa ya kuongezea, gari lingetembea miaka. Upande wa kushoto ametuahidi kuufungua kwenye video ijayo. Akilishika tena lile kopo la grisi, mwenye gari adai funguo zake na kulivuta gari kwa kamba mpaka gereji nyingine.