Kicheko Bila Fanani: Ucheshi wa Filamu za Watoto na Ghadhabu ya Wazazi

Ghadhabu ya wazazi juu ya ucheshi wa filamu za watoto aghalabu hujadiliwa kama suala la maadili pekee. Mjadala wa namna hiyo huliacha kando swali ambalo fasihi simulizi imelikabili tangu zamani: ni nani anayekiongoza kicheko cha mtoto? Swali hilo lina uzito mahususi katika Kitui na Makueni, ambako ngano za Wakamba zinaweza kulinganishwa na filamu kwa ushahidi wa maandishi, kutokana na kazi ya Gerhard Lindblom (1928) na ya John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, aliyechapisha Akamba Stories mwaka 1966.

Ngano za wanyama hazina haya nyingi. Fisi, mbiti kwa Kikamba, huponzwa na tumbo lake, naye Sungura humwacha katika fedheha. Hata hivyo, ucheshi huo wa mwili ulikuwa na mwenyewe. Fanani, mara nyingi nyanya, aliwajua watoto waliomzunguka. Aliweza kuipima sauti yake na kukikatiza kicheko kilipozidi. Kicheko cha ngano nacho huweza kumwumiza mnyonge, lakini aliyeumizwa alikuwa na wa kumwuliza.

Filamu imeibadili nafasi hiyo. Katika The Lion King ya Disney (1994), ngiri Pumbaa anasimulia kwa wimbo jinsi harufu yake ilivyowafukuza wenzake. Kabla hajalitamka neno la kujamba, Timon anamkatiza kwa hoja kwamba watoto wapo. Mzaha huu unamlenga mlezi, kwani kila mtoto ukumbini amekwisha kulijua neno lililofichwa. Katika filamu ya mwaka 2019 iliyoongozwa na Jon Favreau, Pumbaa analitamka neno lenyewe, kisha anashangaa kwamba hakukatizwa. Filamu ya kwanza ilimdhihaki mlezi. Ya pili, miaka 25 baadaye, inamwachisha kazi.

Kwa mtoto wa Mwingi au Wote lipo tabaka jingine la maana. Jina Pumbaa ni kitenzi cha Kiswahili, chenye ukoo mmoja na mpumbavu, neno ambalo miongoni mwa Wakenya ni tusi zito. Mtoto wa Marekani husikia sauti tupu. Mtoto aliyesoma Kiswahili shuleni husikia hukumu juu ya mhusika. Hapo huzuka kicheko ambacho hakuna mtu ukumbini aliyepewa jukumu la kukisimamia.

Mwezi Juni 2017, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliitaka MultiChoice isitishe filamu sita za katuni, zikiwamo The Loud House na Adventure Time, kwa madai kwamba zilitukuza ushoga. Uamuzi huo uliyahukumu maudhui na kuisahau fani. Katika The Loud House, baba wawili wa Clyde huchekesha kwa wasiwasi wao uliopita kiasi juu ya mtoto wao. Ucheshi huo ni wa ulezi, na mzazi yeyote angeweza kujitambua ndani yake. Anayepinga kuwapo kwa wahusika hao hana budi kuijenga hoja yake waziwazi. Kuyaorodhesha maudhui hakutoshi kuwa uhakiki wa kazi ya kuchekesha.

Sheria haikosekani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti, Kitui na Makueni zikiwamo, mamlaka juu ya sinema na maonyesho ya video. Bodi nayo ina daraja la PG, yaani filamu zinazohitaji mwongozo wa mzazi. Ila mamlaka hayo hayaketi sebuleni.

Ghadhabu ya wazazi, basi, si ya kubezwa. Imehisi pengo la kweli, kwamba mtoto anacheka peke yake, nayo inakosea inapodhani kuwa pengo hilo litazibwa kwa kupiga marufuku. Filamu iliyokatazwa humfunza mtoto kuchekea mafichoni, na iliyoachwa bila neno humfunza nani anastahili kuchekwa. Daraja la PG linadai kitu ambacho hadhira ya ngano haikuhitaji kuandikiwa: mtu mzima aketi pale, acheke panapochekesha, na aulizwe.